Kushona Bila Uzi

Anderlecht, tarehe 21 janvier 2024

Maman yangu,

Sisi wazima. Lina amepata meno mawili ya chini na anauma kila kitu, hata kidole cha baba yake. Hilaire anakusalimu, kazi ya dépôt, ya kupanga mizigo, inamuchokesha lakini haiko mubaya. Nakuandikia sababu wewe tangu mwaka jana hutaki tena kuonekana kwa video, unasema inakula mega za simu za watu. Bon. Barua haili mega. Tonton Constant, yule wa biashara anayekuja na kurudi, anasafiri siku ya jeudi, atakuletea pamoja na sabuni na viatu.

Maman, nimenunua mashini ya kushona. Ni Singer nyeusi ya kukanyaga kwa muguu, sawa na yako, yenye maua ya dhahabu kwenye shingo. Isipokuwa yangu maua yamefutika upande mumoja, pale mukono wa muntu mwengine ulikuwa unapumzika miaka yote hiyo. Ilikuwa kwa tonton Hamadi, Murundi wa Buyenzi, ana duka ya vitu vya zamani pale Saint-Gilles nyuma ya gare ya treni. Nilipita mara tatu mbele ya dirisha lake bila kuingia. Mara ya ine akatoka akaniambia: "Dada, unaiangalia kama bwana ya muntu mwengine. Ingia tu, huyu hana bibi." Euro makumi nane, na mukanda mupya wa ngozi juu yake.

Hilaire alibeba meza na miguu yake ya chuma. Kichwa cha mashini tulikilaza ndani ya poussette, kile kigari cha kusukuma mutoto, tukakifunika na blanketi, Lina yeye yuko mugongoni kwangu. Ndani ya metro muzee mumoja muzungu aliinama kuangalia mutoto, akakuta chuma. Akanyoosha mugongo, akanipa hongera ya mwenye kuzaa: "Félicitations, madame."

Sasa nisikilize. Kile kikwembe, kile kitenge chenye picha za ndege, papa alichokununulia mara ya mwisho, ulinipatia nusu yake siku ya kuondoka, ukasema: utamushonea mutoto wako wa kwanza. Nimekiweka miaka mitatu. Siku ya Pentekoste, le 19 mai, tutamuleta Lina mbele ya kanisa abarikiwe. Nataka avae nguo ya kikwembe hicho, na niishone mimi mwenyewe, si muntu mwengine. Kiko yadi moja tu, kingine kama hicho hakipatikani tena. Donc nifundishe. Ulifundisha watoto wa watu kwenye baraza yako, mimi ulikuwa unanifukuza niende nikasome, na masomo yenyewe nikaacha kwa mwaka wa tatu wa secondaire. Nifundishe sasa, hata kwa barua.

Mimi mwana wako,
Jémima


Bukavu, Kadutu, tarehe 6 février 2024

Mama Lina,

Anayeandika ni jirani yangu Maman Bibiane, alikuwa enseignante, mwalimu wa shule, unamujua. Mwandiko wangu unaujua pia, ni wa kushona majina kwenye mifuko ya uniforme, barua haiwezi.

Viatu vimenienea. Sabuni nimegawa.

Mashini nimesikia. Kwanza uioshe na pétrole ya taa, halafu mafuta ya mashini, tone moja kila tundu, uiache ilale. Halafu utoe uzi. Wa juu na wa chini. Hata bobini uitoe uifiche mbali. Kamata karatasi, si ile nyepesi ya cahier ya shule, nene kidogo. Chora mistari na règle, ushone bila uzi juu ya mistari. Ukimaliza mistari, chora kona. Ukimaliza kona, chora sahani, uzunguke. Wanafunzi wangu wote walianzia hapo, hata Sidonie ambaye leo anashonea wake za mapasta na hanisalimii tena.

Karatasi zote unitumie. Zote, na zile mbaya. Uzi unaficha makosa, tundu haifichi kitu. Usizikunje pale penye matundu, uzilaze sawa ndani ya enveloppe kubwa.

Kikwembe usikiguse. Mukasi usiushike mupaka mimi niseme. Kile kikwembe kina kichwa na miguu, ndege zote zinaenda juu. Ukikata vibaya, hakuna wa kukurudishia.

Mupige Lina busu kwenye meno.

Mama yako


Anderlecht, 25 février

Maman,

Hizi karatasi kumi na ine. Nimeandika nambari nyuma. Ya kwanza usicheke.

Siku tatu nzima ile mashini ilinikatalia. Nakanyaga, gurudumu linarudi nyuma. Nakanyaga tena, inaenda mbele kidogo, halafu inarudi nyuma kama punda. Nikampigia tonton Hamadi simu kwamba aliniuzia kitu kibovu. Akauliza: "Unaanza na muguu ao na mukono?" Nikasema muguu. Akasema: "Mashini inasalimiwa na mukono kwanza. Zungusha gurudumu kuelekea kwako, ndio muguu ufuate. Usipoisalimia, inageuka." Nikajaribu, ikaenda. Nilikaa pale nakanyaga bure bila karatasi, bila kitu, nasikia tu ile sauti, taka-taka-taka, na unajua nilijisikia niko wapi. Niko chini ya meza yako, niko na miaka tano, naokota vifungo.

Lina akisikia mashini ananyamaza. Nikisimama analia. Donc siwezi kusimama.

Madame anayekaa chini yetu alipanda kugonga mulango, nilifikiri anakuja kugomba. Alisema mama yake alikuwa na hiyo hiyo. Aliomba kukanyaga kidogo. Nikamuacha.

Niambie kama mukono wangu unaweza.

Jémi


Bukavu, tarehe 14 mars 2024

Mama Lina,

Karatasi ya kwanza nimecheka. Ulinikataza, nimecheka.

Ya tatu, mustari wa ine, ulisimama katikati. Matundu yamejazana pale kama watu kwenye kisima. Mutoto alilia? Ya sita unaanza vizuri, ukikaribia mwisho unakimbia. Kwa nini unakimbia? Karatasi haikufukuzi. Ya tisa kona yako inazunguka kama mulevi anayetafuta nyumba. Ukifika kwenye kona, sindano ibaki chini ndani ya karatasi, unyanyue ule muguu mudogo wa mashini unaobana karatasi, ugeuze karatasi, ushushe, uendelee. Sindano ndio musumari unaoshika dunia.

Halafu sindano yako imechoka. Matundu yana midomo minene upande wa chini. Nunua mupya.

Ya kumi na ine, ile sahani, sina neno. Nimeirudilia mara nyingi.

Tuma zingine. Karatasi nene zaidi.

Mama yako


Anderlecht, 7 avril

Maman,

Sindano kweli ilikuwa butu. Niliipitisha kwenye ukucha ikakwaruza. Nilimuambia Hilaire: huyu mama yangu, karatasi imevuka bahari, na bado anaona midomo ya tundu. Mimi mwenyewe na macho yangu ya miaka ishirini na ine sikuona kitu. Hilaire akasema basi siku moja atanituma mimi kwa enveloppe, akuulize nimeharibika wapi.

Hizi ishirini na mbili. Nilipata carton ya viatu, nikakata, iko nene kama unavyotaka.

Lakini Maman, Pentekoste iko wiki sita. Bado hujasema "kata". Nimeshona mustari, kona, sahani, ua, hata jina la Lina. Nimeshona taies mbili, zile foronya za mito, na uzi wa kweli, Maman Élisée wa kanisani ameziona, anataka zake. Watu wengine wananiamini. Nakuuliza, na usikasirike: ni sababu ya kikwembe unanikataza, ao ni sababu yangu? Baraza ilikuwa imejaa wasichana wa watu, Sidonie alikuwa anakaa kwenye kiti chako. Mimi nikishika tu uzi unanipiga kwenye vidole: enda kwenye kitabu. Kitabu sikukiweza. Mashini ulinikatalia. Nikabaki bila hiki na bila kile. Sikuambii kwa ubaya. Nina mutoto sasa, nafikiri nitamukatalia nini mimi, na sijui.

Ungekubali video mara moja ningekuonyesha mikono yangu ikifanya kazi, tungemaliza hii maneno.

Jibu haraka.

Jémima


Bukavu, tarehe 29 avril 2024

Mama Lina,

Barua yako ilichelewa, Constant alilala Kigali wiki mbili na homa. Jibu hili nalo sijui litafika lini.

Unauliza, nakujibu. Wasichana wale walikuwa wa watu. Wewe ulikuwa wangu. Kazi hii haikai juu ya meza tu, inaingia ndani ya muntu na inakata kipande chake. Mama yangu ilimukata mugongo. Nilisema: huyu mumoja isimukate. Nilitaka uwe muntu wa kalamu. Sikufikiri kwamba nikifunga mulango huu na ule mwengine ukajifunga, utabaki inje. Hapo nilikosea, na nimelisema mbele ya Bibiane ambaye sasa ananiangalia badala ya kuandika.

Mikono yako haina shida. Ilikuwa haina shida tangu ile sahani ya kwanza. Nilikuwa naomba karatasi zingine sababu nazipenda.

Kata, mwanangu. Kabla ya mukasi, laza kikwembe chote, uulize ndege zinaenda wapi. Halafu kata bila kuogopa.

Mama yako


Anderlecht, 21 mai

Maman,

Barua yako ya kusema "kata" imefika jana, siku ya lundi, siku moja nyuma ya Pentekoste.

Mimi nilikuwa nimekata le 11 mai. Nilingoja, nilingoja, nikasema siku zinaisha. Nisamehe kwa kukata bila ruhusa yako. Naona sasa ruhusa ilikuwa njiani, ni swali langu lililolala Kigali na homa.

Lina amebarikiwa. Pasta alimunyanyua juu, watu wakapiga vigelegele, yeye akamushika pasta miwani. Nguo ilimukaa vizuri, shingo haikubana, mishono yote nimeipitisha mara mbili. Picha iko hapa ndani, nimeitoa kubwa dukani, ile nguo inaonekana yote mbele. Angalia mwenyewe uniambie ukweli, kila kitu unachokiona. Usinifiche.

Ile maneno yako ya mulango nimeisoma kwenye metro nikapitiliza station mbili.

Wako,
Jémi


Bukavu, tarehe 4 juin 2024

Mama Lina,

Picha imefika. Nimeishika siku nzima. Mutoto ananona, anacheka, anafanana na baba yako kwenye paji la uso. Nguo ni safi. Na ndege, mwanangu, ndege zote vichwa juu, zinapanda sawasawa kama papa yako alivyozipenda. Nilijua hutazikosea. Nimeonyesha baraza nzima. Sasa wewe ni fundi, usiulize ruhusa kwa muntu tena.

Kama ungali na karatasi za mazoezi, usizitupe, nitumie.

Mama yako


Anderlecht, 16 juin

Kwa Maman Bibiane, jirani ya mama yangu.

Maman, barua hii ni yako peke yako. Tafadhali usiisome kwa sauti.

Kamata ile picha ya Lina uende nayo kwenye mwangaza. Angalia mbele ya nguo. Ndege ziko vichwa chini. Zote, hakuna hata moja iko juu. Siku ya kukata nililaza kikwembe vizuri, nikauliza ndege zinaenda wapi, nikaanza. Lakini meza yangu ya kuisine, ya jikoni, imegusa ukuta, upande wa pili sifikii, basi nikageuza kitambaa nikate kutoka upande wangu. Nikasahau kwamba nimegeuza. Niliona wakati nilimuvalisha Lina asubuhi ya kanisa, na kikwembe kimeisha. Kanisani nilimufunika mutoto kwa mikono yangu, isipokuwa pale pasta alipomunyanyua.

Sikumuambia Maman. Nilituma picha nikisema acha aone mwenyewe anigombeze, afazali anigombeze. Yeye muntu anayejua sindano imechoka kwa karatasi. Na yeye ananiandikia kwamba zinapanda.

Hawezi kunidanganya kwa upole, haiko tabia yake. Maman Bibiane, mama yangu anaona?

Jémima


Bukavu, tarehe 30 juin 2024

Mpendwa Jémima,

Nilifundisha watoto miaka thelathini na moja na sikupenda uongo, kwa hiyo barua yako imenitua mzigo.

Mama yako haoni. Jicho la kushoto lilizimika miaka miwili iliyopita, la kulia lilifuata mwaka jana wakati wa mvua. Daktari alisema ni ugonjwa wa presha ndani ya macho, umefika mwisho, hakuna cha kupasua. Yeye anasema ni uniforme za bluu nyeusi, maelfu, chini ya taa ya mafuta. Hicho ndicho kipande ambacho kazi ilimkata, na ni kwa kukuogopea kukatwa hivyo alikuwa anakupiga kwenye vidole. Aliniapisha nisikuambie. Alisema: "Ana mtoto mchanga kwenye nchi ya watu. Akijua, hatalala." Kwa sababu hiyo alikataa video.

Karatasi zako anazisoma kwa vidole. Anafunga mlango, anazigeuza, anapitisha kidole upande wa chini ambako karatasi imevimba, na ananiambia: hapa alisimama, hapa alikuwa na furaha. Mimi naandika. Barua zako nyingine zote anazipata kwa sauti yangu, lakini karatasi hizo ni zake peke yake, hahitaji mtu. Anaziweka ndani ya sanduku la mashini yake. Ile mashini imefunikwa na shuka tangu jicho la pili.

Picha ilipofika nilimwambia ninachojua kusema: mtoto anacheka, nguo nzuri, maua. Kuhusu ndege sikusema neno, mimi si fundi, sikutazama. Ndege aliwapandisha mwenyewe kichwani mwake.

Nisamehe. Na usimpigie simu ukilia.

Bibiane


Anderlecht, 14 juillet

Maman Bibiane,

Sitampigia. Nililia kwa madame wa chini, inatosha.

Ndani ya enveloppe hii kuna carton moja. Usimusomee. Wewe pia usiisome kwanza. Mupe tu mukononi, umuambie imetoka kwa Jémi.

Ya kwanza niliikosea. Niliandika herufi kubwa na kalamu, nikashona juu yake bila uzi, nikafunga macho nikapitisha kidole upande uliovimba. Maneno yote yalikuwa yanaenda kinyume, kama kwenye kioo. Tonton Hamadi alikuwa amekuja kuangalia mukanda, akacheka mupaka akakaa chini. Akaniambia: "Andika kinyume, basi, ili ukigeuza inyooke. Wewe mbona kugeuza unakujua?" Nilikuwa nimemusimulia habari za ndege, nikajuta. Lakini alikuwa na haki. Ya pili niligeuza karatasi yenye maneno kwenye kioo cha dirisha, mwangaza ukanionyesha kinyume chake, nikachora hivyo kwenye carton, nikashona polepole, herufi moja na kona zake. Muchana wote. Lina alilala na sauti ya mashini.

Mama anajua herufi, alikuwa anazishona kwenye mifuko ya watoto wa shule.

Jémima


Bukavu, tarehe 31 juillet 2024

Mpendwa Jémima,

Nilimpa kama ulivyosema. Akaishika, akaigeuza, kidole kikaanza kutembea, kikasimama. Akaniambia, "Bibiane, utanisamehe, toka kidogo. Hii barua nitaisoma mwenyewe."

Nikakaa barazani. Nilimsikia anataja herufi moja moja, kama watoto wangu wa darasa la kwanza. N. D. E. Alirudi nyuma, akaanza tena. Muda mrefu. Halafu nikasikia anacheka, halafu anacheka tena. Akaniita, akanisomea kwa kidole, na mimi ndiye niliyesikiliza:

NDEGE ZIKO CHINI. NITAFUMUA NIGEUZE. NAJUA MACHO. JÉMI.

Nilingoja anikasirikie kwa kuvunja kiapo. Alisema tu, "Kona ya M imenyooka." Kisha akauliza ile shuka iliyofungwa juu ya mashini ina mafundo mangapi. Nikamfungulia. Akaomba karatasi nene, nikampa jalada la registre yangu ya zamani ya shule. Hakuomba nimchoree mstari. Alizungusha gurudumu kwa mkono, mguu ukafuata. Kidole cha kushoto aliweka mbele ya sindano, karibu sana hata mimi ndiye niliyefumba macho. Majirani wawili walikuja mlangoni kuuliza nani amenunua mashini.

Jalada liko humu ndani. Ni neno moja: ACHA. Ile C ina kona kama dirisha, anaomba radhi, zamani aliweza kuizungusha.

Nilimuuliza aache kwa nini, wakati ndege wamegeuka mbele ya watu wote. Naandika jibu lake kama alivyolisema:

"Bibiane, ulifundisha hesabu miaka yote hiyo na hujawahi kuinamisha kichwa ukaangalia gauni yako mwenyewe? Watu wa mbele wanaona ndege zinaanguka. Mutoto akiinama kuangalia tumbo lake, anaziona zinapanda. Muambie asifumue. Nguo ni ya nani?"

Bibiane, kwa kalamu
na mama yako Pétronille, kwa sindano